Darasa la jioni la Kiingereza la Kihesa, Iringa: sikio linafunguka, kalamu inaachwa nyuma

Watu wanaouliza kuhusu darasa la jioni la Kiingereza lililoko Kihesa, mjini Iringa, huuliza mambo mawili: ada ni kiasi gani, na cheti kinatolewa baada ya muda gani. Majibu yake ni mepesi. Ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi, vipindi ni Jumatatu hadi Alhamisi kuanzia saa 11:30 jioni hadi saa 1:30 usiku, na cheti hutolewa baada ya miezi mitatu. Swali zito zaidi, ambalo sijalisikia likiulizwa pale mapokezi, ni kwamba katika saa mbili hizo mwanafunzi mwenyewe anasikiliza kwa dakika ngapi, anazungumza kwa dakika ngapi, na anaondoka na mbinu gani ya kuendelea kujifunza akiwa peke yake nyumbani. Nimesoma pale muhula mzima nikiwa mwanafunzi wa kawaida, ingawa kazi yangu ni kufundisha Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari, na tathmini hii nimeipima kwa swali hilo. Jina la darasa sitalitaja, kwa sababu yamo humu malalamiko ambayo nimekwisha kuyafikisha kwa wahusika na ambayo sitaki yageuke kuwa tangazo la kuwaharibia kazi. Aliyeko Iringa atalitambua kwa maelezo, na aliyeko Mafinga, Makambako au Mbeya anaweza kutumia vigezo hivi hivi kulipima darasa la kwao.

Wanafunzi wenyewe ni sura ya mji. Wapo vijana wanaotaka kuongoza watalii kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, wapo wahudumu wa mapokezi katika hoteli na nyumba za wageni, wapo wanachuo wa Chuo Kikuu cha Iringa na wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, wapo wahasibu wa mashirika, na yupo mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ofisi ambaye hukaa mstari wa mbele na kuuliza maswali kuliko sisi sote. Karibu wote wanafika na tatizo la aina moja. Tangu serikali ilipoamua mwaka 1967 kwamba shule za msingi zifundishe kwa Kiswahili, mtoto wa shule ya umma amekuwa akisoma hesabu, sayansi na jiografia kwa lugha anayoielewa, kisha akifika kidato cha kwanza anakuta masomo yale yale yamehamia kwenye Kiingereza kwa siku moja. Huyo mtoto hujifunza kunakili ubaoni na kukariri kwa ajili ya mtihani. Matokeo yake ni mtu mzima anayeweza kutaja nyakati zote za kitenzi cha Kiingereza, lakini akipigiwa simu na mgeni anayetaka kujua kama chumba kina maji ya moto, simu humpa mwenzake. Kiingereza anacho, ila kimebaki machoni na hakijashuka masikioni wala mdomoni.

Mwalimu mkuu wa darasa hili, kijana mwenyeji wa Njombe, ameujenga mpango wake wote juu ya tatizo hilo. Katika wiki za mwanzo hakuna anayeulizwa sarufi, na karibu kipindi kizima ni cha kusikiliza. Wapo waliokasirika. Mmoja wa wahasibu alisema waziwazi kwamba hakulipa ada ili aje kusikiliza redio. Mimi naona mwalimu alikuwa sahihi, kwa kuwa mtu asiyesikia neno linapoanzia na linapoishia hawezi kujibu, hata kama kamusi nzima imo kichwani mwake.

Zoezi lenyewe ni imla, lakini si ile imla tuliyoijua shuleni ya mwalimu kusoma taratibu na wanafunzi kuandika kwa hofu. Spika ndogo inawekwa mezani na kutoa maelezo ya nusu ukurasa kwa mwendo wa kawaida wa mazungumzo. Mara ya kwanza kalamu zote zinakuwa chini, kisha mwalimu anauliza mambo makubwa tu: nani anatajwa, wapi, lini. Mara ya pili kila mtu anaandika maneno aliyoyasikia kwa uhakika, hata kama ni kumi tu, yakiwa yametawanyika kwenye karatasi. Mara ya tatu sauti inasimamishwa baada ya kila sentensi, na wanafunzi wawili wawili wanajaribu kuijenga upya kwa kuunganisha vipande walivyo navyo. Baada ya hapo ndipo karatasi yenye maandishi kamili inagawiwa, na kila mmoja anapiga mstari chini ya sehemu ambazo sikio lake lilizikosa. Sehemu hizo, kwa maelezo ya mwalimu, ndizo somo la siku.

Nakumbuka vizuri maelezo yaliyohusu fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani: jinsi Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika ibara ya 246, ulivyoitaka Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza, na jinsi jambo hilo lilivyokaa bila kutekelezwa hadi mwaka 1954, Gavana Edward Twining alipolirudisha Kalenga na kumkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa. Nikiwa mwalimu wa Historia nilitega sikio kwa shari kidogo, na sikupata kosa. Lakini jambo lililonivutia ni uchaguzi wenyewe wa mada. Kijana aliyekaa pembeni yangu ni mtu wa Kalenga na kisa hicho amekisikia tangu utotoni, kwa hiyo akili yake haikuhangaika kutafuta kilichotokea. Ilibaki huru kushughulika na sauti tu. Msikilizaji wa lugha yoyote hutegemea vitu viwili kwa pamoja, yaani sauti zinazoingia na mambo anayoyajua tayari kuhusu jambo linalozungumzwa, na anayeanza akinyimwa vyote viwili hukata tamaa. Vitabu vingi vya Kiingereza vinavyouzwa mjini humfunza mtu wa Iringa kwa mazungumzo ya stesheni za treni za London, jambo linalomfanya apambane na mahali asipopajua na lugha asiyoijua kwa wakati mmoja.

Karatasi zilipogawiwa siku ile, makosa yalifanana mno. Maneno madogo ya Kiingereza, yale ya kuunganisha na kuonyesha wakati, hutamkwa haraka na kwa sauti hafifu kiasi kwamba sikio la Mswahili, lililozoea kila silabi kupewa haki yake, huyapita bila kuyaona. Kosa jingine lilikuwa la tarakimu. Karibu nusu ya darasa waliandika miaka kimakosa, kwa sababu 15 na 50, au 14 na 40, katika Kiingereza hutofautishwa zaidi na mahali mkazo ulipo kuliko na herufi za mwisho. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache yaliyokopwa, na sisi hatujawahi kuhitaji kuusikiliza. Mhudumu mmoja wa hoteli alicheka aliposikia maelezo hayo, akasema sasa ameelewa kwa nini wageni huuliza bei mara mbili. Kuanzia hapo mwalimu alitufanyisha zoezi la bei tupu, dakika kama kumi kila siku: mmoja anataja, mwingine anaandika, wanaonyeshana. Sijaona zoezi dogo lenye faida ya haraka namna hiyo.

Sauti zilizotumika darasani hutumwa kwenye kundi la WhatsApp usiku huo huo, na kazi ya nyumbani ni kuzisikiliza tena huku ukizifuatisha kwa mdomo, nusu hatua nyuma ya msemaji, bila kusimamisha. Ni zoezi gumu na linaonekana la kichaa kwa majirani, ila linaunganisha sikio na ulimi kuliko maelezo yoyote ya matamshi. Mafaili yake ni madogo na hayali bando. Malalamiko yangu katika sehemu hii ni moja: karibu sauti zote ni za mwalimu mwenyewe au za watangazaji wa Uingereza. Wageni wanaopita Iringa kwenda Ruaha ni Waholanzi, Waitaliano, Waafrika Kusini na wengine wengi, na kila mmoja ana Kiingereza chake. Mtu aliyezoea lafudhi moja tu atashangazwa na mgeni wa kwanza kabisa.

Kuzungumza kunaanza rasmi mwezi wa pili, na hapa darasa linatumia mbinu ambayo Keith Maurice aliieleza mwaka 1983 na ambayo Paul Nation, wa Chuo Kikuu cha Victoria huko Wellington, New Zealand, aliichunguza na kuandika juu yake mwaka 1989. Mwanafunzi anapewa jambo analolijua vizuri na kulieleza kwa dakika nne kwa mwenzake mmoja. Kisha anabadilishiwa msikilizaji na kueleza jambo lile lile kwa dakika tatu, halafu kwa msikilizaji wa tatu kwa dakika mbili. Maelezo hayabadiliki, muda ndio unaopungua, na kwa kuwa msikilizaji ni mpya kila mara, mzungumzaji hana haja ya kuona haya kwamba anajirudia. Nilimsikiliza dereva wa bajaji akieleza Isimila, lile bonde la nguzo za udongo na zana za mawe za kale lililoko takriban kilomita 20 kutoka mjini kuelekea Mbeya, ambako uchimbaji mkubwa ulifanyika mwaka 1957 na 1958. Katika dakika zake nne za kwanza nusu ilikuwa kimya, na penye kimya aliziba na “yaani”. Nilipomsikia tena akiwa na mwenzake wa tatu, “yaani” zilikuwa zimekwisha, sentensi zilikuwa zimerefuka, na alikuwa na nafasi ya kuongeza kwamba wageni wavae viatu vya kufunga kwa sababu ya njia ya kushuka bondeni. Sarufi yake haikuwa imebadilika sana. Kilichobadilika ni wepesi, na wepesi ni stadi inayojitegemea ambayo shule zetu hazijawahi kuitengea hata kipindi kimoja.

Mwalimu hamkatizi anayezungumza. Anazunguka na daftari, anaandika makosa anayoyasikia, kisha mwishoni anayaweka ubaoni bila kutaja ni ya nani na kuliomba darasa liyarekebishe. Utaratibu huu unafaa sana katika darasa lenye watu wa rika tofauti. Mwanzoni vijana walishindwa kabisa kuzungumza na wakubwa, kwani kila mazungumzo yalianza na shikamoo, na kijana aliyekwisha kumwamkia mama yake hawezi tena kumkatiza kwa swali la Kiingereza, hata kama zoezi linamtaka akatize. Mwalimu alilitatua jambo hilo kwa busara: salamu zote zinamalizwa mlangoni kwa Kiswahili au kwa kamwene ya Kihehe, wakubwa wakipewa heshima yao, na baada ya hapo, kwa wiki za mwanzo, kila mtu anapangwa na wa rika lake. Kuchanganya kulikuja baadaye, na kufikia mwisho wa muhula mama mwenye duka alikuwa anabishana na mwanachuo wa miaka 20 kuhusu bei ya karatasi bila yeyote kuona amevunjiwa adabu.

Kuhusu matamshi sina mengi. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa kuwa na sauti za irabu takriban 20 ukijumlisha zile zinazounganika, kwa hiyo darasa haliwezi kuzifundisha zote, na mwalimu amechagua zile tu zinazobadilisha maana kwa namna inayoleta aibu au hasara. Kwa wanafunzi waliokulia Kinyakyusa au Kihehe na wanaopishanisha l na r, kuna mazoezi ya pembeni ya dakika chache, na yanafanywa bila kejeli, jambo ambalo watu wa kwetu wanaotaniwa kila waendako watalithamini.

Msamiati unafundishwa kwa boksi la viatu. Ndani yake mwanafunzi anaweka vipande vya karatasi ya manila vya kutenga vyumba vitano, na kadi alizozikata mwenyewe: upande mmoja sentensi fupi ya Kiingereza yenye neno jipya, upande wa pili maana yake. Kadi mpya huanza chumba cha kwanza na kupitiwa kila siku. Ukiijibu sawa inasogea chumba kinachofuata, ambacho hupitiwa kwa nadra zaidi, na ukikosea inarudi mwanzo. Mpangilio huu ulienezwa na mwandishi wa habari wa Kijerumani, Sebastian Leitner, mwaka 1972, lakini msingi wake ni wa zamani zaidi. Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na mwaka 1885 akachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba tunasahau kwa kasi kubwa mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku huhifadhi zaidi kuliko marudio yaliyorundikwa siku moja. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo hiyo, na wanachuo wengi walihamia huko. Mimi nilibaki na boksi, kwa sababu kukata kadi na kuandika sentensi kwa mkono ni sehemu ya kujifunza kwenyewe.

Kasoro ipo katika uchaguzi wa maneno. Tangu Michael West alipochapisha mwaka 1953 orodha yake ya maneno yapatayo 2,000 ya Kiingereza yanayotumika zaidi, walimu wa lugha wamekuwa na kipimo cha nini kitangulie. Darasa hili halina orodha yoyote. Mwanafunzi huandika kadi kwa neno lolote lililomvutia, na nimeona boksi la kijana mmoja likiwa na majina ya swala wa kila aina, huku hana maneno ya kumweleza mgeni kwamba gari limechelewa kwa sababu ya tairi.

Katika kusoma, darasa linapungua sana. Kila Jumatano zinagawiwa nakala za makala kutoka Daily News, mara nyingi za uchumi au bunge, na wanafunzi wanasoma kwa zamu kwa sauti huku wengine wakifuatilia. Anayesoma anashughulika na kutamka, anayefuatilia anasubiri zamu yake, na hakuna anayeelewa. Tatizo ni ugumu wa maandishi yenyewe. Utafiti wa Marcella Hu na Paul Nation uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji anahitaji kuyajua takriban asilimia 98 ya maneno ili aelewe hadithi bila msaada, maana yake neno moja geni katika kila maneno 50. Katika makala moja tuliyopewa nilihesabu pamoja na jirani yangu tukakuta maneno mageni kwake yalikuwa mawili au matatu katika kila mstari. Huko kunakuwa kuchambua kamusi, na mtu hajengi mazoea ya kusoma kwa kuchambua kamusi. Rafu ya vitabu ipo kwenye kona, yenye hadithi fupi zilizoandikwa kwa Kiingereza chepesi zenye ngazi zilizowekwa kwenye majalada, yaani kitu kile kile kinachohitajika, lakini imefungwa kwa kufuli. Nilipouliza nikaambiwa vitabu vilikuwa vinapotea. Waliokuwa na hamu walikwenda Maktaba ya Mkoa.

Kuandika ndiko kunakoniudhi. Kila Alhamisi tunakusanya insha ya ukurasa mmoja. Daftari linarudi baada ya wiki mbili, wakati mwingine tatu, likiwa na alama ya vema ya wino mwekundu na neno moja la kusifu, hata kwenye ukurasa ambao mimi mwenyewe, nikirudia kusoma, naona makosa katika kila aya. Nilipomfuata mwalimu alinijibu kwa upole kwamba darasa lina watu wengi, jambo ambalo ni kweli, kisha akaongeza kwamba atakayesikia na kusoma vya kutosha kuandika kutakuja kwenyewe. Hilo la pili silikubali. Merrill Swain, aliyechunguza wanafunzi wa Kanada waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka mingi, alieleza mwaka 1985 kwamba watoto hao walielewa Kifaransa karibu sawa na wenye lugha yao, lakini walipozungumza na kuandika bado walikuwa na makosa mengi ya sarufi, kwa sababu hawakulazimishwa vya kutosha kutoa lugha wenyewe na kuona pale inapowaishia. Kuandika ni mahali ambapo mtu anauona upungufu wake kwa macho. Akirudishiwa ukurasa wenye sifa tupu, huo upungufu anafichwa. Si lazima kila kosa lisahihishwe. Mwalimu angeweza kuchagua aina moja ya kosa kwa wiki, akaizungushia duara bila kuandika jibu, na kumtaka mwanafunzi aandike upya ukurasa ule ule. Mimi hufanya hivyo na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu katika insha za Kiswahili, nao wako wengi kuliko sisi wa Kihesa.

Nation huyo huyo, katika maandishi yake ya mwaka 2007, anashauri muda wa kozi ya lugha ugawanywe takriban sawa kwa mafungu manne: kupokea ujumbe kwa kusikiliza na kusoma, kutoa ujumbe kwa kuzungumza na kuandika, kujifunza sauti, maneno na sarufi kwa makusudi, na kuzoeza wepesi kwa vitu ambavyo mtu ameshavijua. Kwa mizani hiyo darasa la Kihesa linafanya vizuri katika wepesi wa kuzungumza, ambao madarasa mengine hayaugusi kabisa, na katika nusu ya kila moja ya mafungu mawili ya kwanza. Sarufi inapewa muda mdogo na mzuri, ikifuata makosa yaliyojitokeza ubaoni.

Mazingira yanavumilika. Chumba kina mwanga wa kutosha na umeme ukikatika ipo taa ya sola, ingawa spika hutegemea chaji na iliwahi kuzimika katikati ya imla. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Iringa huingia kupitia madirisha ambayo hayafungi sawasawa, na anayetoka kazini moja kwa moja abebe sweta. Wanaokaa Ipogolo wafikirie usafiri wa kurudi mteremkoni usiku, hasa wakati wa mvua, kwa kuwa vipindi huchelewa kufungwa. Darasa lilianza likiwa na watu wachache na likaongezeka bila mwalimu wa pili kuajiriwa, na nadhani hapo ndipo tatizo la madaftari lilipozaliwa.

Cheti kimeandikwa vizuri na kina muhuri, ila kinasema tu kwamba mwenye nacho amefikia kiwango cha kati, bila kueleza kiwango hicho ni kipi. Baraza la Ulaya lilichapisha mwaka 2001 ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2, zinazoeleza mtu anaweza kufanya nini katika kila stadi, na mwajiri anayezijua atataka kusikia lugha hiyo. Hakuna kinachozuia darasa kutumia maelezo ya aina hiyo, hata bila kudai kwamba linatoa mtihani wa kimataifa. Wangeandika tu kwamba fulani anaweza kupokea simu ya kuweka nafasi ya chumba na kueleza njia ya kufika Ruaha, hoteli yoyote ya mjini ingeelewa zaidi kuliko inavyoelewa hilo neno “kati”.

Kwa mwongoza watalii, mhudumu wa mapokezi, dereva, au mtu yeyote ambaye Kiingereza chake kinahitajika kwa mdomo, shilingi 60,000 ni bei ya haki, na katika madarasa ninayoyafahamu mjini sijaona linalolizidi hili katika kusikiliza na kuzungumza. Lipo jingine karibu na Miyomboni lenye ada ndogo zaidi, lakini nililipotembelea nilikuta mwalimu akieleza nyakati za kitenzi kwa Kiswahili kipindi kizima huku wanafunzi wakinakili, na hayo mtu anaweza kuyapata kwenye kitabu. Mwanachuo mwenye ripoti za kuandika au mtu anayejiandaa kwa usaili wa maandishi hatasaidiwa vya kutosha pale Kihesa. Huyo ningemshauri asome miezi miwili ya mwanzo kwa ajili ya sikio na ulimi, kisha atafute mtu wa kumsomea maandishi yake kwa malipo ya pembeni.

Usajili hufunguliwa kila mwanzo wa mwezi, na malipo yanapokelewa kwa simu au taslimu, risiti hutolewa papo hapo. Wanaruhusu mgeni kukaa kipindi kimoja bila kulipa. Atakayekwenda achague Jumatatu au Jumanne, siku za imla, na akishamaliza kipindi aombe kuuona ufunguo wa ile rafu ya vitabu.